Kaji ya shingo: PEEK, titani, au mfupa wako mwenyewe?

Familia inaweka mezani profoma mbili, yaani makadirio ya bei, za upasuaji wa diski ya shingo. Kaji ni kijisanduku kinachowekwa mahali pa diski iliyotolewa; PEEK ni plastiki ngumu; C5-C6 ni kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo; plaki ni bamba la chuma, na visi ni skrubu zake. Ya kwanza, ya hapa Lubumbashi, inasema: kaji PEEK C5-C6, plaki moja, visi vinne. Ya pili imetoka ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia: kaji titani 3D, visi ndani. Bei zimeachana mbali, na swali ni moja: ipi iliyo bora? Swali hilo halijibiki kabla ya kujua mambo matatu: ni diski ngapi zinatolewa, mfupa wa mgonjwa una nguvu kiasi gani, na mwaka ujao nani atampiga picha na kwa mashine ipi. Wauzaji huzungumza sana juu ya kitu ambacho kaji imetengenezwa nacho. Sisi tunakiweka nafasi ya nne.

Kwanza, je, shingo hii inahitaji kaji?

Erni ya diski ya shingo, yaani diski kutokeza na kubana neva, hutokea zaidi kati ya pingili C5 na C6, au C6 na C7. Ya C5-C6 hubana neva ya C6: maumivu yanashuka mpaka kidole gumba na cha shahada, na kukunja kiwiko kunakosa nguvu. Ya C6-C7 hubana neva ya C7: ganzi inakaa kidole cha kati, na kusukuma mlango mzito kunashinda kwa sababu msuli wa nyuma ya mkono umelegea. Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu bila kisu ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa dawa, kwa mazoezi, na kwa kuacha kubeba kichwani. Mfuko wa unga wa kilo 25 uingie nyumbani kwa toroli au kwa mabega ya mtu mwingine.

Mambo yanabadilika ugwe wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, unapobanwa. Dalili zake hazifanani na maumivu ya mkono: vifungo vya shati vinakuwa kazi, funguo zinadondoka, mwandiko unaharibika, miguu inakaza na kuyumba kama ya mlevi, mkojo unakawia au hauzuiliki. Mtu wa namna hiyo hasubiri wiki 12, wala familia isipoteze mwezi kulinganisha aina za kaji. Akifanyiwa kwa kifaa cha kawaida wiki hii atakuwa salama kuliko akingoja kile cha kisasa mpaka miguu ikatae.

Na picha lazima ikubaliane na vidole. IRM (picha ya mashine ya sumaku) ya mtu wa miaka 50 asiye na maumivu yoyote mara nyingi huonyesha diski iliyotokeza. Diski ya C4-C5 iliyovimba kwenye picha haielezi ganzi ya kidole cha kati, hata kama ripoti imeipigia mstari.

Kinachofanyika ndani

Mkato ni wa sentimita 3 hadi 5, mbele ya shingo, ukifuata mkunjo wa ngozi. Daktari anapita njia nyembamba: mshipa mkubwa wa damu unabaki upande wa nje, koo la hewa na umio upande wa ndani. Akifika kwenye mfupa anachoma sindano na kupiga radio (picha ya eksirei) ili ajue yuko kwenye diski ipi. Hatua hiyo hairukwi, maana pingili za shingo zinafanana sana. Kwa mtu mwenye mabega mapana, C6-C7 inafichwa na kivuli cha mabega. Ndiyo maana mikono yake huvutwa chini na kufungwa kwa plasta kabla ya kuanza.

Diski yote inatolewa mpaka nyuma, vipande vinavyobana neva vinaondolewa, na vimiba vya mfupa vinasagwa. Panabaki pengo. Likiachwa tupu, pingili mbili zinakaliana, tundu la neva linajifunga tena, na shingo inaanza kuinamia mbele. Hapo ndipo kaji inapoingia: kijisanduku chenye uwazi katikati, kinachoshika kimo cha pengo. Ndani ya uwazi huo unawekwa mfupa, na mfupa huo ndio utakaounganisha pingili ya juu na ya chini. Waashi wataelewa upesi: kaji ni kofraji (mbao za kumwagia zege), zege ni mfupa. Tofauti ni kwamba kofraji hii haibomolewi.

Kimo na maandalizi: hapa ndipo mambo yanapoharibika

Kaji nyingi za shingo zina upana wa milimita 14 hadi 17, kina cha 12 hadi 14, na kimo cha 5 hadi 8. Kimo ndicho chenye mgogoro. Daktari huanza na kipimo cha majaribio cha 5, kisha 6, kisha 7, akikigonga taratibu. Kinachofaa ni kile kinachobaki kimeshika baada ya kipanuzi, chombo kinachoachanisha pingili, kulegezwa, na kisichotoka kwa kuvutwa kidogo. Kosa la kawaida ni kuamini kwamba kikubwa kinafungua neva zaidi. Ukisukuma 9 mahali pa 6, viungo vidogo vya nyuma ya shingo vinaachana, mgonjwa anaamka na maumivu kati ya mabega ambayo hakuwa nayo, na mfupa unapondeka kwa shinikizo. Kikiwa kidogo, kaji inacheza na inaweza kusogea.

Ndiyo maana kasha la vifaa linapoletwa na mjumbe wa muuzaji, lifunguliwe na kuhesabiwa siku moja kabla ya upasuaji. Kasha lenye kaji za 7 na 8 tu si kasha kamili. Mwanamke mwenye mwili mdogo anaweza kuhitaji 5, na saa nne asubuhi, shingo ikiwa wazi, hakuna pa kuitafuta.

Jambo la pili ni sahani ya mfupa, yaani uso wa pingili ambapo kaji inakaa. Gegedu lote linakwanguliwa mpaka uso uanze kutoa vidoti vya damu. Bila damu mfupa haushiki. Lakini ganda gumu lisitobolewe. Likisagwa kupita kiasi, kaji inakaa juu ya mfupa laini wa ndani na kuzama kama mguu wa kiti kwenye uwanja uliolowa mvua. Madaktari wengi huhesabu kuzama kuanzia milimita 2 au 3. Kaji nyingi zilizozama hazimsumbui mtu na mfupa unaungana vilevile. Chache zinalibana upya tundu la neva. Kaji ya gharama yoyote itazama kwenye sahani iliyoharibiwa.

Sasa, kimetengenezwa na nini?

Mfupa wa nyonga ndio mkongwe. Upasuaji huu ulianza nao miaka ya 1950. Kipande kinakatwa kwenye ukingo wa nyonga, kikiwa na ganda gumu pande tatu, kwa kimo cha milimita 6 au 7. Hakinunuliwi, mwili haukikatai, na kina chembe hai za kujenga mfupa ambazo PEEK na titani hazina. Malipo yake ni kidonda cha pili. Wagonjwa wengi hulalamikia nyonga kuliko shingo, wengine kwa miezi, na neva ya ngozi ya paja ikiguswa panabaki ganzi. Kikatwe kwa msumeno, kisikatwe kwa patasi, kwa sababu patasi huacha nyufa ndogo na kipande huvunjika baadaye kikibeba uzito wa kichwa. Bila plaki kinaweza kusinyaa au kuchomoka kuelekea mbele.

PEEK ni plastiki ngumu inayovumilia joto la kutakasia vyombo. Ugumu wake ni takriban gigapaskali 3 hadi 4, wakati ganda la mfupa lina takriban 12 hadi 20, na titani karibu 110. Kwa hiyo PEEK haiukandamizi mfupa kwa ukali wa chuma. Faida yake kubwa kwetu ni nyingine: miale ya radio inapita ndani yake. Kwenye picha ya kawaida, ile inayopatikana karibu kila hospitali kubwa ya jiji, unaona mfupa ukikua katikati ya kaji mwezi hadi mwezi. Kaji yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni vidoti viwili au vitatu vya tantali vilivyopachikwa ili daktari ajue imekaa wapi. Tantali ni madini yanayotoka kwenye koltani inayochimbwa Kongo, kwa hiyo si ajabu punje ya udongo wa nchi hii ikarudi nyumbani ndani ya shingo ya mtu wa Katuba, baada ya kuzunguka dunia. Udhaifu wa PEEK ni kwamba mfupa haupendi kushikana na uso wake. Mara nyingi kati yao panajengeka utando mwembamba, na muungano unategemea mfupa wa ndani ya uwazi peke yake.

Titani ni kinyume chake. Mfupa unaushika uso wake vizuri, hasa uso wenye kukwaruza. Kaji za zamani, nene na zilizojaa chuma, zilikuwa ngumu mno na zilijulikana kwa kuzama. Zile zinazochapishwa tabaka kwa tabaka, za 3D, zina vitundu vya mikroni mia kadhaa kama sponji. Mfupa unaingia ndani ya vitundu hivyo, na ugumu wa kaji nzima unashuka ingawa chuma ni kilekile. Ni kifaa kizuri. Tatizo ni kuonekana: kwenye radio, titani inaziba kile unachotaka kukiona, na kujua kama mfupa umeungana ndani kunahitaji skaneri (CT) na msomaji mwenye uzoefu. Kwenye IRM inaacha kivuli pembeni yake, zaidi ya PEEK. Lakini hofu kwamba mwenye titani akiingia kwenye IRM sumaku itaing'oa haina msingi. Titani haivutwi na sumaku. Mgonjwa aseme tu kwamba anayo, na aonyeshe karatasi.

Zilizobaki tunazipitia haraka. PEEK iliyopakwa titani inajaribu kuchukua mema ya pande zote mbili, ila koti hilo linaweza kubanduka kaji inapogongwa kuingia mahali pabana. Mfupa wa mtu mwingine aliyefariki unafanya kazi nzuri penye benki ya mifupa yenye vipimo vya kuaminika. Pasipo benki hiyo, usiuzungumzie. Saruji ya mifupa, ile ya kushikizia nyonga bandia, inajaza pengo kwa bei ndogo, lakini mfupa hauwezi kupita ndani yake. Kwa erni ya diski ya mtu mwenye miaka mingi mbele hatuishauri.

| | Radio ya kawaida | IRM baadaye | Kinachosumbua zaidi |
|---|---|---|---|
| Mfupa wa nyonga + plaki | Unaona muungano | Kivuli cha plaki tu | Maumivu ya nyonga |
| PEEK | Unaona muungano | Safi | Mfupa kutoshika uso wake |
| Titani nzima | Inaziba | Kivuli | Kuzama |
| Titani 3D | Inaziba kiasi | Kivuli | Kufuatilia bila skaneri |

Cha kujaza ndani

Uwazi wa kaji moja hauchukui hata mililita moja. Vimiba vya mfupa vilivyosagwa wakati wa upasuaji vikikusanywa kwenye kikombe badala ya kunyonywa na pampu, mara nyingi vinatosha kwa diski moja, bure kabisa. Vikipungua, huongezwa chembechembe za kalisi fosfati. Profoma ikiwa na kijipakti cha gharama kubwa cha kujazia, uliza ni nini. Ikiwa ni protini ya kuotesha mfupa, ile inayoitwa BMP, kataa kwa upasuaji wa mbele ya shingo: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa kuvimba shingo mpaka njia ya hewa kubanwa.

Plaki, visi ndani, au kaji peke yake

Hapa uamuzi una uzito kuliko PEEK dhidi ya titani, na ndipo tofauti halisi ya zile profoma mbili ilipo.

Kaji peke yake, isiyo na visi, inashikwa na meno yake na mkazo wa shingo. Ni nafuu na upasuaji ni mfupi. Kwa diski moja, mfupa imara, mgonjwa anayekubali kuvaa kola wiki kadhaa, inakubalika. Inazama zaidi kuliko yenye plaki, na shingo hupoteza kidogo mkunjo wake wa asili.

Plaki ni bamba la titani lenye unene wa takriban milimita 2, likifungwa juu na chini kwa visi vya milimita 12 hadi 16. Inashika mkunjo na kupunguza kuzama. Ina sharti moja ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua kwenye radio ya pembeni: ncha ya plaki iwe mbali na diski ya jirani kwa milimita 5 au zaidi. Plaki ndefu inayokaribia diski hiyo huchochea mfupa kuota mbele yake. Malalamiko ya plaki yako kooni. Umio unapita juu yake, na wiki za kwanza bukari (ugali) inakwama. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Mwanzoni waanze na uji na sombe (kisamvu) iliyopondwa laini, kisha bukari laini kwa matonge madogo.

Kaji yenye visi ndani haina kitu kinachotokeza mbele ya mfupa. Kumeza kunakuwa rahisi mapema, na kama diski ya jirani inahitaji upasuaji miaka ijayo, hakuna plaki ya zamani ya kung'oa. Lakini visi vyake vinaingia kwa pembe, juu na chini. Pale C6-C7 kifua kinazuia mkono wa bisibisi, na pale juu C3-C4 kidevu kinazuia. Kwa diski moja au mbili tunaipenda. Kwa tatu au zaidi mkunjo unashikwa vizuri zaidi na plaki.

Tungechagua vipi

Diski moja, mtu chini ya miaka 60, havuti sigara, atafuatiliwa Lubumbashi: kaji ya PEEK yenye visi ndani, au PEEK na plaki ikiwa ndiyo daktari wake ameizoea. Mazoea ya daktari yanashinda katalogi. Daktari aliyefunga plaki mara mia akikuambia "Mama, kwangu plaki ni salama zaidi", hilo ni jibu zuri kuliko akujaribie wewe kifaa alichokiona mara mbili.

Diski mbili: plaki au kaji yenye visi ndani. Tatu au zaidi: plaki. Kila diski inayoongezwa inaongeza nafasi ya moja wapo kutoungana.

Mvuta sigara, kwa diski yoyote: aache kabla, na miezi mitatu baada, bila kujidanganya na tumbaku ya kunusa, maana nikotini ni ileile na ndiyo inayozuia mfupa. Kwake titani 3D ina hoja, mradi skaneri ya mwaka wa kwanza iwe imepangiwa fedha tangu sasa.

Mama mzee mwenye mifupa miepesi: kaji pana kadiri pengo linavyoruhusu, kimo cha wastani, plaki, na mkono mwepesi kwenye sahani. Titani nzima ya zamani, hapana.

Pesa haitoshi kaji na plaki kwa pamoja, na neva haiwezi kungoja: mfupa wa nyonga na plaki. Usione aibu, upasuaji huu ulijengwa juu ya mfupa wa nyonga. Tungeuchagua huo kabla ya kaji isiyo na etiketi iliyotolewa kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa.

Baada ya kutoka teatre

Usiku wa kwanza ndio wa kulindwa. Damu ikikusanyika ndani ya shingo inasukuma koo la hewa, na hatari hiyo iko zaidi ndani ya saa 24. Sauti inayobadilika ghafla, shingo inayovimba, mgonjwa anayetaka kukaa wima ili apumue: muuguzi aitwe papo hapo, na jeraha lifunguliwe hapohapo kitandani ikibidi, bila kusubiri teatre iandaliwe. Sauti ya kukwaruza bila uvimbe ni jambo jingine. Ni neva ya sauti iliyovutwa, na kwa kawaida hurudi baada ya wiki kadhaa. Maumivu ya mkono huondoka mapema, ganzi na nguvu huchelewa kurudi sawa.

Aliyefanyiwa nje asipande gari la kurudi Kasumbalesa siku ya pili. Akipanda, avae kola, akae kiti cha mbele, na dereva aelezwe. "Dokta, moto (pikipiki) nitapanda lini?" Baada ya radio ya mwezi wa tatu kuonyesha kaji haijasogea. Radio hupigwa wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Ile ya mwaka ipigwe mara mbili, kichwa kimeinama na kimeinuliwa: ncha za nyuma za pingili mbili zilizofungwa zikisogea chini ya milimita 1 kati ya picha hizo, inahesabiwa kuwa zimeungana. Zikisogea zaidi lakini mtu hana maumivu, wengi wao huachwa na kufuatiliwa tu. Hata muungano ukiwa mzuri, diski za jirani zinabeba kazi zaidi. Takriban wagonjwa 3 kati ya 100 kila mwaka hupata dalili mpya za diski ya juu au ya chini.

Kabla ya kulipa

Omba profoma igawanywe: kaji bei yake, plaki na visi bei yake, kijazio, kukodi vyombo, daktari, vitanda. Mstari mmoja ulioandikwa "vifaa" hauwezi kulinganishwa na chochote. Kila kaji halali huja na etiketi za kubandika zenye namba ya bidhaa, namba ya toleo, kimo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Moja inabaki kwenye faili ya hospitali, moja ni yako. Ipigie picha kwa simu na uitunze pamoja na ripoti ya upasuaji.

Sababu yake ni bisibisi. Vichwa vya visi havifanani kutoka kampuni hadi kampuni. Kisi kikilegea baada ya miaka mitatu, daktari wa hapa akiwa na etiketi ataagiza bisibisi inayolingana kabla hajapasua. Asipokuwa nayo, ataijua saizi akiwa tayari ndani ya shingo, na visi vya plaki vinavyokataa kutoka huishia kukatwa kwa msasa wa umeme, unga wa chuma ukimwagika kando ya umio.